Upande wa Wanaojibu

Dereva wa lori aliponiomba nimfundishe piano, nilicheka mbele yake. Yeye naye akacheka pamoja nami, kwa adabu, kisha akabaki amesimama pale pale. Nilipomaliza kucheka aliniuliza aanze lini.

Ilikuwa Bukavu, miaka ile ya Zaïre, tulipokuwa tumeambiwa tuache majina yetu ya ubatizo na tuitane citoyen na citoyenne, yaani raia. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Piano nilifundishwa na masista nikiwa msichana wa bweni, kwa rula juu ya vidole, na nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa. Katika ukumbi wa parokia yetu kule Nyalukemba palikuwa na piano iliyoachwa na familia moja ya Kizungu iliyorudi kwao. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeiingia mbavuni, na vibao vyake vichache havikulia kabisa. Padri aliniomba niwafundishe watoto wa kwaya. Watoto hawakuja, walipenda mpira. Waliokuja ni watu wazima.

Sikuwataka. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo nilivyoamini, na hawa walikuwa wamekwisha kukauka. Alikuja karani mmoja wa ofisi, abacost yake, ile suti ya serikali isiyovaliwa tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa, akataka ajue kupiga rumba kabla ya Noeli. Akaja muuguzi wa hospitali, mwanamke mpole, aliyesema anataka tu kujua ndani ya kile kisanduku kuna nini. Walikuja Jumamosi mchana, wakitoka salongo, ile kazi ya kufagia mitaa na kuzibua mifereji ambayo kila raia alilazimika kuifanya. Niliweka beseni la maji na sabuni mlangoni, na mtu asiyenawa nilimrudisha.

Wa tatu ndiye huyo dereva. Umri wake ulikuwa umepita hamsini. Alikuwa akiendesha lori la mfanyabiashara mmoja, akipakia maharage na viazi Kavumu na kuvileta mjini. Mafuta ya injini yalikuwa yameingia kwenye mistari ya viganja vyake na hayakutoka kwa sabuni yoyote. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kuume kiliwahi kuvunjwa na jeki, kikapona vibaya, hakikunjiki sawasawa.

"Papa, ulishaimbaka mu korale?" nilimuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Batu bakinisikia niko naimba, banachekaka."

"Sasa piano unaitafutia nini?"

Akanieleza, akiwa bado amesimama. Mkewe ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye ndoa kule kwao Nyangezi; alialikwa vilima vyote vya jirani, na arusi ambayo hakuianzishia nyimbo watu waliisema kwa kuihurumia. Mwaka uliotangulia, asubuhi moja akichambua maharage, alianguka. Mkono wa kuume ukafa, mguu wa kuume ukawa wa kuburuta, na maneno yakamtoka yote. Hata ndiyo, hata hapana. Alikula alipolishwa, alilala alipolazwa, alitazama.

"Iko ananiangalia, Mwalimu," alisema. "Mais sijue kama ananijua."

Majirani walikuwa wakija kumjulia hali, wanamwinamia, wanamsihi aseme walau neno moja. Wengine walimwimbia nyimbo zake mwenyewe. Alikuwa akivuta kitenge kwa mkono wa kushoto, anajifunika uso, na hakujifunua mpaka waondoke. Mumewe naye alijaribu kumwimbia, akafunikiwa uso vile vile. Lakini Jumapili moja, akimkokota kwenda misa, walipita barabara iliyo chini ya ukumbi wakati mimi ninapiga piano peke yangu. Mkewe alisimama. Mkono wake wa kushoto ukaanza kugonga paja, polepole, kwa mpigo ule ule wa piano.

"Ile kintu haina kinywa," alinifafanulia. "Haimuombake kitu. Njo maana hakuificha uso."

Kulikuwa na jambo jingine. Kaka mkubwa wa mkewe alikuwa amekuja kutoka Nyangezi na kusema kwamba baada ya mavuno ya maharage familia itamchukua ndugu yao. Mtu ambaye maisha yake ni barabarani hawezi kuuguza. Dereva hakubisha. Alisema kama mkewe hamjui tena, basi ni haki akauguzwe na watu wa damu yake, kwa sababu yeye atakuwa amegeuka mgeni wa kumvua nguo na kumwosha, na hilo ni aibu kwa mwanamke mzima. Ila kwanza alitaka ahakikishe, kwa hiyo piano, kama kweli hamjui. Ndipo nikaacha kumcheka hata moyoni.

Nilimkalisha, nikamwonyesha noti ya do. Akaenda kunawa tena ingawa alikuwa amekwisha kunawa, akarudi, akashusha kile kidole chake kibovu. Sauti ikatoka. Sasa, watu wazima wote niliowakalisha pale walikuwa na haraka. Wakipata noti moja hurukia ya pili, wanataka wafike kwenye wimbo. Huyu hakuinua kidole. Aliinamisha kichwa akaisikiliza ile do ikipungua, ikawa nyembamba, ikaingia ndani ya kelele za mvua iliyokuwa ikinyesha nje, mpaka hakuna mtu ambaye angeweza kusema imeishia wapi.

"Inaenda wapi?" aliniuliza.

Nilimjibu kwa ukali kwamba haiendi popote, tuendelee. Lakini walipoondoka wote nilifunga mlango, nikabonyeza do peke yangu, nikaisikiliza hadi mwisho. Miaka yote ile sikuwahi kufanya hivyo. Nywele zilinisimama.

Tangu hapo nilianza kuwatazama wanafunzi wangu kwa jicho jingine. Mtoto akikosea, mara nyingi hajui kama amekosea. Mtu mzima anajua, anaona haya, na anarudia mbele ya wenzake. Yule karani, ambaye ofisini watu walisimama akiingia, alikuwa akitoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kuandika. Muuguzi, aliyekuwa akichoma sindano kwenye mishipa ya vitoto vichanga bila mkono wake kutikisika, alitetemeka mbele ya vibao viwili. Nani aliwalazimisha? Hakuna. Niliwastaajabia, ingawa sikuwaambia, kwa sababu mwalimu akisifu sana darasa hulala.

Wimbo ambao dereva alitaka kujifunza ulikuwa wa Kimashi, lugha ya vilima vya kwao, wa ndoa. Watu wa upande wa bwana arusi wakija kumchukua binti nyumbani kwao, huukuta mlango umefungwa. Ndani wamejaa wanawake wa upande wa bibi arusi, nao huuliza kwa kuimba: nani yuko mlangoni? Walio nje hujibu: ni sisi, tumetoka mbali. Huulizwa tena, hujibu tena. Mlango haufunguliwi kwa jibu la kwanza, kwa maana hiyo ingekuwa kumtoa binti kama kitu kilichookotwa. Wageni hujibishwa mpaka wanatoka jasho, na yule mama anayeanzisha wimbo ndiye anayeamua kwamba imetosha. Hapo huimba neno la kukaribisha, na wimbo unakwisha. Mkewe ndiye aliyekuwa mama huyo. Ilisemekana aliwahi kuwasimamisha wakwe nje mpaka mvua ikawakuta na mapombe yao.

Muuguzi alikuwa mtu wa pande hizo hizo na aliujua. Akauimba, swali na jibu, mimi nikaandika noti. Nilimfundisha dereva jibu kwanza kwa kuwa ndilo fupi. Ilimchukua wiki nyingi. Mkono wa kuume ukajua njia yake, kisha mkono wa kushoto ukajifunza kushikilia noti moja ya chini bila kukimbia. Siku alipolipiga jibu lote bila kosa, karani alimpigia makofi. Mimi nikafungua ukurasa wa mwanzo.

"Haya, Papa. Sasa tuanze ku mwanzo."

Akaweka mikono magotini.

"Ile hapana, Mwalimu."

"Hapana ya nini?"

"Ile ni ya bamama ba ndani. Miye niko inje."

Nilimweleza, kwa uvumilivu ambao sina, kwamba piano si arusi. Anayepiga piano hupiga vyote, swali na jibu, ndani na nje.

"Sasa nitajiuliza miye mwenyewe nani iko ku mulango?" alisema, na alishangaa kweli. "Mutu anajiulizaka vile?"

Karani akaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimekwisha kupandisha hasira.

"Papa, wimbo bila mwanzo hapana wimbo. Ni mutu iko anajibu na hakuna mutu anamuuliza!"

"Njo vile," alisema kwa upole. "Njo vile kabisa, Mwalimu. Niko najibu."

Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba mwanzo wa wimbo una mwenyewe. Mama anayeanzisha akiwa hai, mtu wa upande wa kujibu hawezi kumtoa wimbo kinywani. Wengine huanza kuuchukua akishazikwa.

"Nikipiga ile, Mwalimu, nitakuwa nimemuzika."

Nilimwambia kwamba katika darasa langu wimbo hupigwa mwanzo hadi mwisho, na asiyetaka mlango uko wazi. Akanishukuru, akavaa kofia yake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata dereva alirudi, akanawa mikono, akaketi kwenye kiti kana kwamba hatukugombana, akaacha nafasi yote ya swali ipite kimya, kisha akapiga jibu. Nilishindwa. Utafanya nini na mtu ambaye hakasiriki?

Basi nikajaribu angalau kumfundisha kimya chenyewe. Kwetu sisi tuliofundishwa, kimya kina kipimo chake. Kinaandikwa kwa alama, kinahesabiwa. Nikamwambia ahesabu kwa midomo, un, deux, trois, quatre. Akakataa hilo pia. Alisema mtu aliye nje ya mlango hahesabu, anasikiliza. Kimya chake kilikuwa kifupi siku nyingine, na siku nyingine kikawa kirefu hata karani akatazama saa. Aliinamisha kichwa kuelekea kwenye mbao za piano, shingo imekaza, na sisi sote kwenye mabenchi tukajikuta tumeacha kupumua. Nilianza kukiogopa kimya kile. Kulikuwa na mtu ndani yake.

Muuguzi alinivuta pembeni.

"Mwalimu, maneno ikitoka ku mutu vile, mara mingi hairudiake. Docteur alishasema. Umuambie papa asiweke roho yote pale."

Nilimwambia. Alitikisa kichwa kwamba amesikia, na akaniuliza kama Jumamosi ijayo ukumbi utakuwa wazi, kwa maana maharage yalikuwa yameanza kuvunwa.

Jumamosi hiyo lori lilipanda mpaka mbele ya ukumbi. Mkewe alikuwa ameketi mbele, na kaka yake pembeni, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu. Nyuma palikuwa na bunda la nguo za mama huyo, limefungwa tayari kwa kitenge. Kaka hakuficha kitu. Alinisalimia kwa heshima, akasema wamekubaliana na shemeji yake: wakitoka hapa, kama hakuna jambo, lori litashuka moja kwa moja mpaka Nyangezi.

Tulimbeba juu ya kiti, tukamweka karibu na piano. Alikuwa mdogo wa mwili, msafi, shanga shingoni, amesukwa nywele vizuri. Nilimtazama mumewe na viganja vyake nikajiuliza nani alizisuka. Alipotuona sisi wote, mkono wa kushoto ulivuta kitenge, uso ukapotea. Tukarudi nyuma kwenye mabenchi. Kaka alibaki kwenye kizingiti, kofia mkononi.

Dereva aliketi. Akaacha swali lipite kimya. Akapiga jibu, polepole, mkono wa kushoto umeshika ile noti ya chini. Kitenge hakikutikisika. Akaacha swali lipite tena. Akajibu tena. Hakuna kitu. Nilimwona kaka akitazama chini.

Akanyamaza mara nyingine. Na hapa ninasema yaliyokuwa moyoni mwangu: mkono wangu uliwasha. Nililijua lile swali noti kwa noti. Ningeweza kuinuka, kulipiga nikiwa nimesimama, kukijaza kile kishimo, na watu wote wangepumua. Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu. Muuguzi akanishika kiganja, akanirudisha kwenye benchi, na hakukiachilia.

Kimya kilipita urefu wa vimya vyote nilivyowahi kuvisikia darasani. Injini ya lori ilikuwa ikipoa nje, inagonga gonga. Kuku wa padri walikuwa wakiparura majani. Karani, ambaye hakujua kunyamaza, alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa, na vidole vyake juu ya vibao havikushuka. Nilidhani amekata tamaa. Nilidhani ndiyo basi.

Sauti ikatoka chini ya kitenge.

Ilikuwa nene, kavu, imechakaa kwa kukaa bila kazi, lakini haikukosa noti hata moja. Na ilikuwa na maneno. Nani yuko mlangoni? Yote, kwa Kimashi, kila neno mahali pake. Mwanamke ambaye mwaka mzima hakuweza kuomba maji. Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kusema: niliogopa kama mtu anavyoogopa kanisani akiwa mtoto, nikapiga ishara ya msalaba mkono wangu ukiwa bado ndani ya mkono wa muuguzi. Kaka aliangusha kofia.

Na dereva hakujibu. Wiki zote zile alikuwa amejibu bila kuulizwa. Sasa ameulizwa, vidole vimekufa hewani. Kitenge kilianguka begani. Mkewe alimtazama, na hayakuwa macho ya upole hata kidogo. Ni macho ya mama mwenye wageni wazembe mlangoni pake. Akaimba tena, kwa nguvu zaidi, akigonga paja kwa mkono wa kushoto: nani yuko mlangoni?

Akajibu. Alikosea noti karibu zote, mkono wa kushoto ukashika kibao kisicholia, machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kwenye kola. Lakini alijibu. Mkewe alisikiliza, kichwa upande, kama anayepima kitambaa sokoni. Halafu akamuuliza tena.

Na tena. Kila alipojibu, aliulizwa. Majibu yalizidi kuwa mazuri, na yeye alizidi kutoridhika. Kaka alianza kucheka kule mlangoni, akicheka na kulia pamoja.

"Hatamufungulia!" alisema. "Ni ye mwenyewe! Hatamufungulia huyu!"

Sijui tulikaa pale muda gani. Najua kwamba mwishowe yule mzee aliokota kofia yake, akatoka, akashusha bunda la nguo kutoka kwenye lori, akaliweka juu ya benchi kando yangu. Kisha akateremka kwa miguu kutafuta gari la kumrudisha Nyangezi peke yake.

Ningependa kuandika kwamba maneno yake yalirudi. Hayakurudi. Hakuweza kamwe kusema maji, wala chumvi, wala jina la mtu. Daktari alipopata habari alikwenda kumwona, akamsihi aseme kitu, akaonyeshwa kitenge. Ni wimbo ule tu, na palipokuwa na wa kumjibu tu. Muuguzi hakuweza kunieleza kwa nini, na mimi niliacha kumuuliza, kwa sababu niligundua kwamba sikutaka kuelezwa.

Walikuja Jumamosi kila lori lilipokuwa mjini. Karani na muuguzi walikuwa wakiwaachia zamu zao; rumba ya Noeli ikangoja Noeli nyingine. Dereva hakujifunza wimbo wa pili, na mwanzo wa ule wa kwanza hakuugusa. Nimefundisha wengi baada yake, wengine wana vidole vya ajabu, na bado sijamwona mtu anayejua kuketi mbele ya piano bila kupiga, na watu wote ukumbini wakasikia.

Siku moja nilimuuliza kuhusu jambo lililokuwa likinisumbua. Mkewe hakuwahi kuimba lile neno la mwisho, la kukaribisha. Labda amelisahau, nilisema. Muuguzi anaweza kumwimbia taratibu, akamkumbusha.

Alicheka, safari hii si kwa adabu.

"Anaijua muzuri, Mwalimu. Mais akifungula mulango, wimbo inaisha."

Kisha akageukia piano haraka, kwa sababu mkewe alikuwa amekwisha kuuliza tena.